Wote walicheka, kila mmoja na lake

Kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kuwafunda wasemaji: watu wanaoketi mbele ya kamera, au mbele ya chumba kilichojaa watu wenye hasira, na kuitetea taasisi iliyowaajiri. Katika mafunzo hayo huwa naonyesha filamu moja ya vichekesho, Thank You for Smoking. Ikiisha nawasha taa na kunyamaza. Filamu yenyewe naijua mno, hainichekeshi tena. Kinachonifanya niendelee kuionyesha ni maneno ya watu baada ya taa kuwaka. Sijakutana na filamu nyingine ambayo watu wanaketi bega kwa bega, wanacheka mahali palepale, halafu wanatoka kila mmoja na hadithi yake, na kila mmoja ana hakika kwamba aliyetaniwa ni mwenzake.

Kwa ambaye hajaiona: ni filamu ndefu ya kwanza ya Jason Reitman. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2005, ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwaka 2006. Mhusika mkuu ni Nick Naylor, anayeigizwa na Aaron Eckhart, msemaji wa taasisi ya "utafiti" inayolipiwa gharama zote na kampuni za sigara. Rafiki zake wawili wanasemea pombe na bunduki, na wakikutana mezani wanabishana bidhaa ya nani inaua watu wengi zaidi. Kuna seneta wa Vermont anayetaka kila pakiti ya sigara iwekwe picha ya fuvu la kichwa. Na kuna mtoto wa Nick, anayemfuata baba yake safarini na kujifunza kazi.

Nianze na wenzangu wa fani, maofisa uhusiano. Hawa huitazama kama mashabiki ambao timu yao inaongoza. Mwanzoni kabisa Nick anaketi kwenye kipindi cha televisheni, karibu naye yupo kijana wa miaka kumi na mitano mwenye saratani, na waliomo ukumbini wanamchukia kabla hajafungua mdomo. Anaongea kidogo tu, ukumbi unageuka. Anauliza kampuni ya sigara itapata faida gani mteja wake akifa. Anadai kwamba kifo cha kijana yule kinawafaa zaidi wanaotafuta fedha za kupambana na sigara. Kisha anamalizia kwa kutangaza kampeni ya dola milioni 50 ya kuwaasa watoto wasivute. Wenzangu hupiga makofi hapo, makofi ya dhati.

Nikiwauliza wameona nini, wananijibu kwa lugha ya kazi. Ametulia. Hakubishana na mgonjwa. Habari yake nzuri ameiweka mwisho ili ndiyo ibebwe na magazeti. Yote ni kweli, na mimi mwenyewe ningeyafundisha hayohayo. Lakini ukiwauliza kijana yule aliugua kutokana na nini, kimya kidogo kinapita. Kwa dakika zile chache sigara imetoka chumbani na hakuna aliyeiona ikitoka.

Mmoja wao, dada mwenye uzoefu mkubwa kuliko mimi, aliniambia wazi: "Mwalimu, usitufanye watu wabaya. Hii filamu inasifu ustadi. Kama ingekuwa inatulaani, ungekuta yule Nick ni mbaya wa sura na ana kigugumizi." Nilimwelewa. Sura nzuri na ulimi mwepesi vimewekwa pale makusudi, ili mtazamaji ampende mtu ambaye hakupanga kumpenda, halafu ajishtukie. Tatizo ni kwamba wapo wanaompenda na wasijishtukie kabisa. Nimekuwa na vijana waliotoka pale wakitaka kazi ya Nick, wakaniuliza inalipa kiasi gani. Kejeli ikiwa tamu kupita kiasi inageuka tangazo la nafasi ya kazi, na sidhani kama kuna mwongozaji anayeweza kulizuia hilo.

Watu wa afya ni habari nyingine. Niliwahi kuwaalika wauguzi na madaktari kadhaa wakae pamoja na wasemaji, kwa sababu siku hizi kila hospitali inahitaji mtu wa kuongea. Walicheka pia, tena sana. Lakini muuguzi mmoja wa wodi ya magonjwa ya kifua aliponyoosha mkono alisema jambo ambalo sikuwa nimelipima uzito wake: katika filamu nzima inayohusu sigara, hakuna mhusika hata mmoja anayeonekana akivuta. Ni kweli. Wanaongelea sigara, wanauza sigara, wanatetea sigara, lakini haiwashwi. Baadhi ya wasemaji walilichukulia hilo kuwa ndiyo akili ya filamu: hii si hadithi ya moshi, ni hadithi ya maneno. Muuguzi hakukubali. "Hakuna moshi, hakuna kikohozi, hakuna mtu anayelala akiwa ameketi kwa sababu akijinyoosha hapati pumzi. Mmesafishiwa chumba. Ndiyo maana mnacheka."

Walibishana hadi muda ukaisha, nami niliwaachia. Kwa maoni yangu wote wawili wana hoja, ila ya muuguzi ina uzito zaidi kuliko filamu inavyopenda kukiri. Msemaji hodari kazi yake ya kwanza ni kuondoa harufu. Filamu inayomcheka msemaji kwa kuondoa harufu imeiondoa yenyewe pia. Mtu anaweza kuita huo ujanja wa kisanaa. Mimi nauita mkopo, kwa sababu mtazamaji ndiye anayeachiwa kulipa kwa kukumbuka mwenyewe.

Kuna kundi dogo la waliosoma riwaya iliyozaa filamu hii kabla ya kuiona, na hao huja na lalamiko lao tayari. Riwaya ya Christopher Buckley ilitoka mwaka 1994, na ndani yake Nick anaishia gerezani, kisha anahamia upande wa wanaopinga sigara. Filamu haikumfunga wala haikumwongoa. Inamwacha amefungua ofisi yake mwenyewe na wateja wapya. Wasomaji hao wanasema mwongozaji aliogopa. Sikubaliani nao. Adhabu ingewapa watazamaji ruhusa ya kwenda kulala wakijua kwamba mambo yamenyooka, ilhali katika ulimwengu halisi hayakunyooka kwa namna hiyo.

Hapo ndipo huwa naacha filamu na kurudi kwenye historia, kwa sababu wanafunzi wengi, hasa vijana, wanadhani ile taasisi ya utafiti imetungwa ili kuchekesha. Katika filamu kuna mwanasayansi wake ambaye ametafiti kwa miaka thelathini uhusiano wa tumbaku na saratani ya mapafu bila kufikia jibu. Vijana wanaangua kicheko: nani angekubali upuuzi huo?

Wengi walikubali. Mwaka 1950 tafiti kubwa za Uingereza na Marekani zilikuwa zimeshaonyesha uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu, na mwaka 1953 ikachapishwa ile ya panya waliopakwa lami ya moshi wa sigara wakaota uvimbe. Desemba mwaka huo wakuu wa kampuni za sigara walikutana katika hoteli ya Plaza, New York, wakamwita mtu wa fani yangu, John Hill wa kampuni ya Hill & Knowlton. Ushauri uliotoka pale haukuwa kukanusha kwa kelele. Ulikuwa ni kuunda kamati ya utafiti. Tarehe 4 Januari 1954 tangazo la ukurasa mzima likatokea katika magazeti zaidi ya 400 ya Marekani, kampuni zikisema kwamba afya ya watu ni jukumu lao linalotangulia mengine yote katika biashara yao, kwamba zinaamini bidhaa zao hazina madhara, na kwamba zitagharimia utafiti zaidi.

Nikilisoma tangazo lile kwa sauti, darasa haliwezi kucheka. Limeandikwa vizuri mno. Halina hata sentensi moja ya kijinga ambayo mtu anaweza kuishika na kuitania. Ni utulivu mtupu, unyenyekevu, ahadi ya kushirikiana na wataalamu. Mwaka 1958 ikaongezwa Tobacco Institute, ya kuzungumza na wanahabari na kuwashawishi watunga sheria. Na mwaka 1969 mtu mmoja ndani ya kampuni ya Brown & Williamson akaandika kwenye waraka wa ndani, bila kuzungukazunguka, kwamba bidhaa yao ni shaka, yaani kuwafanya watu watilie mashaka ushahidi.

Vyombo hivyo viwili, ile kamati ya utafiti na Tobacco Institute, vilivunjwa kutokana na makubaliano ya Novemba 1998, ambapo kampuni kubwa zilikubali kuzilipa serikali za majimbo 46 ya Marekani zaidi ya dola bilioni 200 kwa miaka 25. Kwa hiyo filamu ilipotoka, taasisi iliyokuwa inachekwa ilikuwa imeshakufa. Buckley alikuwa ameikejeli ikiwa hai. Nafikiri tofauti hii inaeleza kwa nini watazamaji wengi wanaiona filamu kuwa nyepesi: ni rahisi kumcheka aliyekwisha kushindwa kesi. Ingawa hata hilo nalo si kamili. Agosti 2006, mwaka uleule ilipokuwa kwenye majumba ya sinema, jaji Gladys Kessler aliamua kwamba kampuni hizo zilikuwa zimewadanganya watu kwa miongo kadhaa, na akaamuru zitangaze ukweli. Matangazo hayo ya masahihisho yalianza kutoka magazetini na kwenye televisheni Novemba 2017. Hesabu mwenyewe mawakili walinunua muda gani.

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi zaidi ni juu ya seneta. Watu wanauliza kwa nini anayepinga sigara amechorwa kama mpumbavu mwenye majivuno, anayegombeza wasaidizi wake kwa sababu mgonjwa waliyempeleka kwenye televisheni hakuonekana mgonjwa vya kutosha. Mtazamaji hana pa kukimbilia: huku tapeli mwenye haiba, kule mwema asiyevumilika. Wapo wanaosema ndivyo ilivyokusudiwa, kejeli isiwe na mtakatifu. Kwangu mimi hapa ndipo filamu inapocheza bila haki. Kumshinda mjinga si ushahidi wa kipaji.

Baada ya filamu huwa naonyesha kipande cha kikao halisi cha kamati ya Bunge la Marekani cha tarehe 14 Aprili 1994, kilichoongozwa na Henry Waxman. Wakuu saba wa kampuni za sigara wamesimama kwa safu, mikono ya kulia juu, wanaapa. Kisha mbunge Ron Wyden anawauliza mmoja baada ya mwingine swali fupi, kama wanaamini kwamba nikotini haileti uraibu. Kila mmoja anajibu kwamba anaamini hivyo. Hakuna mzaha, hakuna fuvu, hakuna hotuba. Swali moja, lililoulizwa mara saba. Wanafunzi wangu hukitazama kipande kile wakiwa wameinama mbele. Nick angefanya nini pale? Ni swali ninalopenda kuwapa, na kwa kawaida jibu ni kwamba angejaribu kubadilisha swali, na Wyden asingemruhusu.

Kubadilisha swali ndiyo kazi yote, na tukio linaloionyesha bila mapambo ni lile la aiskrimu. Mtoto anamuuliza baba yake inakuwaje akiwa amekosea katika hoja. Baba anamwambia wabishane: mtoto atetee chokoleti, yeye vanila. Mtoto anasema chokoleti ndiyo bora. Nick hasemi neno lolote juu ya ladha ya vanila. Anazungumzia uhuru, haki ya mtu kuchagua. Mtoto analalamika kwamba hajathibitisha lolote, na baba anamweleza kwamba hahitaji: akimwonyesha mwenzake amekosea, yeye amepata. Mtoto anasema bado hajamshawishi. Naye anajibu kwamba hakuwa anamtafuta yeye, alikuwa anawatafuta watu wengine wanaosikiliza.

Karibu kila mtu huikumbuka sehemu hiyo, na karibu kila mtu huisifu. Zamani nilikuwa nikiuliza baada ya filamu, "Mnamwonaje Nick?" Swali hilo halizai kitu. Linazaa wanaompenda na wasiompenda, na wote wamebaki ndani ya mtego, kwa maana bado tunazungumzia mtu na wala si hoja. Siku hizi nasimamisha filamu mahali fulani na kuwaambia waandike kwenye karatasi swali lililoulizwa, halafu chini yake swali lililojibiwa. Ni zoezi dogo, lakini linaondoa kicheko haraka sana. Kwenye kipindi cha televisheni swali lilikuwa sigara inafanya nini mwilini, likajibiwa nani ananufaika na kifo. Darasani, anapokwenda kueleza watoto kazi yake, binti mdogo anasema mama yake amemwambia sigara zinaua. Nick anauliza kama mama ni daktari. Swali lilikuwa juu ya sigara, jibu likawa juu ya mama.

Zoezi hilo linagonga mwamba kwenye kikao cha seneti, mwishoni, na hapo ndipo mjadala huwa mkali. Nick anasema pakiti haihitaji fuvu kwa sababu kila mtu anajua tayari kwamba sigara ni hatari. Watazamaji wengi wanakubaliana naye, tena bila kejeli. "Kwani nani hajui?" waliniambia. Kijana mmoja alisema hiyo ndiyo mara pekee Nick aliposema ukweli, kwa hiyo tusimwonee.

Niliwaomba waweke karatasi mbili kando kwa kando: ya mwanasayansi wa miaka thelathini asiye na jibu, na hii ya kila mtu anajua. Zote mbili zimetoka upande mmoja. Mahakamani Marekani mawakili wa kampuni za sigara walitumia zote mbili kwa miaka: kwanza hakuna uthibitisho kwamba inaua, na pili mlalamikaji alijua fika kwamba inaua, hivyo ajilaumu. Ukizisikia kwa siku tofauti kila moja ina mantiki yake. Filamu ina zote mbili ndani ya dakika tisini na ushee, na bado watu hawazikutanishi, kwa kuwa kati yake kuna vicheko vingi. Sijui kama Reitman alitaka tuzikutanishe. Ningependa kuamini hivyo.

Seneta anamuuliza pia kama atamruhusu mwanawe avute akifikisha miaka kumi na minane. Nick anakwama, kisha anasema ikiwa kweli anataka, atamnunulia pakiti ya kwanza. Ukumbi wa wasemaji hupumua hapo: amekuwa mkweli, amekuwa baba. Muuguzi yule niliyemtaja alikuwa na karatasi mkononi na akasoma alichoandika. Swali lilikuwa miaka kumi na minane, alisema, lakini wagonjwa wake hawakusubiri miaka hiyo. Na takwimu za Marekani zinamuunga mkono: karibu 9 kati ya 10 ya watu wazima wanaovuta kila siku walijaribu sigara ya kwanza kabla ya umri huo. Hiyo pakiti ya uhuru ambayo baba anaahidi kununua huwa imeshafunguliwa zamani.

Mzee mmoja mhariri mstaafu, ambaye niliwahi kumwalika aje kuzungumza juu ya mahojiano, alikaa hadi mwisho bila kucheka isipokuwa mara chache. Alikuwa mvutaji, akaacha kwa amri ya daktari. Alipoulizwa tukio gani lilimgusa alitaja la mkoba wa pesa. Nick anatumwa kuupeleka kwa mchunga ng'ombe wa matangazo ya zamani ya sigara, ambaye sasa ana saratani na ameanza kusema hadharani. Nick hamsihi anyamaze. Anamfundisha namna ya kuzikataa zile pesa kwa kishindo mbele ya waandishi, kisha anamdokezea kwamba akifanya hivyo hawezi kubaki na hata noti moja. Mgonjwa anabaki na mkoba.

"Nyinyi mnasema amemshinda kwa hoja," mzee alisema. "Hoja iko wapi hapo? Kuna mgonjwa na kuna pesa."

Mmoja wa vijana akamjibu kwa heshima, "Lakini Mzee, hakumlazimisha."

"Ndiyo. Ndivyo wanavyofanya."

Niliongezea tu kwamba mhusika yule ana ndugu zake katika maisha halisi. Wayne McLaren, aliyewahi kupigwa picha za matangazo ya Marlboro, alitumia miaka yake ya mwisho kuwaonya watu dhidi ya sigara, akafa kwa saratani ya mapafu mwaka 1992. David McLean, naye wa matangazo hayohayo, alifuata mwaka 1995. Waliokuwa wamesifia ufundi wa Nick katika tukio lile hawakuendelea kulisifia.

Tukio la mwisho la filamu kwa kawaida linazua ubishi ambao sijaweza kuumaliza. Nick, sasa ana ofisi yake, anawafundisha wakuu wa kampuni za simu waseme kwamba hakuna ushahidi thabiti unaounganisha simu na saratani ya ubongo. Kicheko cha hapo huwa kifupi, maana kila mtu ana simu mfukoni. Kisha mtu mmoja, kila mara yupo mmoja, anauliza: je, kama safari hii wanasema kweli? Ni swali zuri kuliko yote ninayopata. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka mawimbi ya simu katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, ambalo ni kundi la mashaka, mbali sana na lile la tumbaku. Sentensi ileile iliyokuwa uongo kwa sigara mwaka 1954 inaweza kuwa ya haki kabisa kwa bidhaa nyingine, na kwa kuisikiliza tu huwezi kutofautisha.

"Sasa mwalimu," binti mmoja akaniuliza, "kampuni ya simu ikikuajiri wewe kesho, utasema nini?"

Nikamwambia ningesema utafiti umefanywa na nani, amelipwa na nani, na data ziko wapi ili asiyetuamini akazipitie.

"Hiyo haitaingia kwenye habari za saa mbili."

"Na hutalipwa," akadakia mwenzake wa nyuma. Wakaanza kubishana kama ningepata mteja hata mmoja. Walio wengi walisema hapana, na yule dada mwenye uzoefu akasema nitapata, ila awe ni mteja ambaye kweli hana cha kuficha, na aliyekutana na mteja wa namna hiyo amwelekeze kwake kwanza.